Helmeti Kando ya Jiko

"Mkweo macho yamekwisha," alisema Gáddjá, jirani yao, akitumbukiza jibini kwenye kahawa, kama ilivyo desturi ya huko kaskazini. "Jana nimemwona mimi mwenyewe. Pikipiki yake ya theluji ilisimama pale mtoni ambapo barafu haijashika. Kidogo tu azame."

Máret akamkumbatia mtoto wake kwa nguvu. Jovnna, mumewe, alikwisha sema kwamba mama yake akikosea njia mara moja tu, ufunguo wa pikipiki anauchukua. Na mkwe huyo, Ravdna, tangu afiwe na mume, maisha yake yote yalikuwa kule ng'ambo ya mto, kwa kundi lake la kulungu wa theluji.

"Sema polepole, anavaa hapo chumbani."

"Asikie. Masikio si bado anayo?"

Ravdna akatoka, viatu vya manyoya miguuni, akanywa kahawa wima. Akaokota helmeti kando ya jiko la kuni. Máret ndiye aliyekuwa akiiweka hapo kila jioni. Yeye ni mzaliwa wa pwani, na alimwonea huruma mama mzima kutia kichwa kwenye kitu cha baridi namna ile.

Akamwachia Gáddjá mtoto, akamfuata mkwewe nje. Baridi ilimchoma puani. Anga lilikuwa safi kabisa, ungeweza kuhesabu miti ya ng'ambo. Ravdna akavaa helmeti, akashusha miwani iliyofungwa juu yake, akawasha mashine, kisha akatulia tu.

"Ukungu umeshuka tena," alisema. "Siku hizi hauniachi."

Máret akatazama mtoni. Ukungu haukuwapo. Akasogea karibu, ndipo akaona kioo cha miwani: kwa ndani kimeganda cheupe, kama dirisha la banda.

"Mama, hebu vua."

Ravdna akavua, akakikwaruza kwa ukucha. "Hii helmeti nani anailaza ndani?"

"Mimi. Nilikuonea huruma."

"Nyie watu wa pwani." Alicheka kidogo. "Inalala bandani, mwanangu. Ikionja joto inatoa jasho, na jasho hilo huku nje ni barafu."

Bandani zilikuwapo helmeti nyingine mbili, kavu. Ya marehemu mumewe ilifunika mdomo. Ravdna akaikataa, maana pumzi ingepanda kwenye miwani na kuganda. Akachukua ya wazi, pamoja na miwani ya njano yenye vioo viwili vilivyopandana, akavivaa, akapitisha kidole kwenye paji la uso kutafuta mwanya. "Upepo ukipenya hapa, ngozi inakufa wala husikii."

Máret akashusha pumzi. Basi ni miwani tu. Gáddjá na maneno yake.

Lakini Ravdna hakuondoka. Aliutazama mto kwa muda mrefu, mkono umeshika usukani bila kuukaza.

"Gáddjá akae na mtoto," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo Máret hakuwahi kuisikia kwake. "Panda nyuma yangu mpaka ng'ambo. Nitakuwa nakutajia ninachokiona, na wewe uniambie kama kweli kipo."