Vigae Visivyong'aa vya Chumba cha Baba

Mama yangu alichagua vigae vya ukutani kwa ulimi. Usicheke. Kwetu Iramba, mwanamke akienda kuchimba udongo wa kusiriba nyumba huuonja kwanza. Ukishika ulimi, anachimba. Ukiteleza, au ukiwa na mchanga mwingi, anafukia shimo na kwenda mbele. Bibi yangu alifanya hivyo, mama akafanya hivyo, na mimi nilikuwa nimeshaonja udongo wa kila bonde la kwetu kabla sijavunja ungo. Kwa hiyo siku ile pale Shelui, mama alipoinua kigae mbele za watu akakilamba, mimi sikuona ajabu yoyote. Mwenye duka ndiye aliyetoa macho.

"Mama, hicho si cha kula," akasema.

"Nani kakwambia nina njaa?" mama akamjibu, akachukua kingine.

Tulikuwa tunatafuta vigae kwa sababu baba alikuwa anakufa. Nalisema wazi leo. Wakati ule hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kulitamka. Baba alifanya kazi Sekenke, chini kwenye mashimo ya dhahabu, tangu mimi sijazaliwa, akiwatobolea Wazungu miamba. Machimbo yalipoanza kuishiwa, wakamwambia basi, nenda kwenu. Akaja na blanketi moja, sufuria mbili na kikohozi. Na hicho kikohozi usidhani kilikuwa cha mafua. Kilikuwa kinamkunja mtu mzima mpaka magoti yanagusa kidevu, na kikimwachia anabaki ametumbua macho, anaitafuta pumzi kama mtu aliyedondosha kitu gizani. Dresa wa zahanati alimsikiliza mgongo, akamwita mama pembeni. Kifua kimejaa vumbi la mawe, akasema, na hilo halitoki tena. Lakini akikaa mahali pasipo na vumbi, anaweza kuishi miaka. Akiongezewa jingine, hamtakuwa naye.

Haya sasa, niambie wewe, Singida mtu anakaa wapi pasipo na vumbi? Nyumba yetu ilikuwa tembe kama nyumba za wenzetu wote: kuta za miti zilizokandikwa udongo, na juu paa la udongo lililolala kama meza. Ukifagia, vumbi. Mbuzi akijikuna ukutani, vumbi. Upepo wa kiangazi ukivuma, hata uji unakuwa na mchanga. Baba alikuwa analala ameketi, mgongo ukutani, na kila akikohoa mgongo unasugua ukuta na ukuta unamnyunyizia unga wake kichwani. Mama alimfuta kwa kitambaa kibichi, akamfuta tena. Nilikuwa nikimtazama na moyo unaniuma, kwa sababu niliona kabisa kwamba hiyo kazi haina mwisho.

Mama ndiye aliyewaza vigae. Enzi za baba kule machimboni alikuwa akimtembelea, na mpishi wa Mzungu mmoja alimwonyesha jiko la bwana wake. Aliona ukuta unaofutwa kwa kitambaa cha maji ukabaki safi, na kitambaa kikabaki safi pia. Hilo la kitambaa ndilo lililomkaa moyoni. Kwa hiyo tuliposikia kwamba nyumba za Wazungu Sekenke zinabomolewa, na kwamba mfanyabiashara mmoja wa Shelui ana makasha ya vigae dukani, mama hakumwuliza mtu. Alimtoa mtamba wake mwenyewe, aliyepewa na kaka yake, tukamswaga mpaka Shelui.

Shangazi yangu, dada yake baba, alituona tunaondoka. "Vigae?" akapiga kelele kutoka uani kwake. "Vya kwetu tunatupa jalalani, nyie mnakwenda kununua! Na ng'ombe juu!" Alikuwa na mdomo, yule shangazi, Mungu amrehemu. Lakini alimpenda kaka yake, na sisi tulijua hilo, basi tukamwacha aseme.

Baba alitoa neno moja tu kabla hatujatoka. Alisema, "Msiniletee vinavyong'aa." Mama akamwuliza kwa nini. Akakohoa kwanza, halafu akaeleza kwamba kule machimboni kulikuwa na chumba cheupe kinachong'aa, na wenzake waliofunikwa na mwamba walikuwa wanalazwa humo kuoshwa kabla ya kuzikwa. Taa ilikuwa inawaka ukutani kote, akasema, hujui pa kuweka macho. Sikuwahi kumsikia akizungumza habari za kule kabla ya hapo.

Dukani kulikuwa na aina mbili. Vyeupe vilikuwa laini, vya kujitazama sura. Vingine vilikuwa na rangi ya unga wa uwele, vimefubaa, havina mng'ao hata ukivigeuza juani. Mwenye duka alitusukumia vyeupe. Hivi ndivyo vya watu wa maana, akasema, hivyo vingine vilikuwa vya uchochoro wa jikoni tu. Mama akalamba cheupe. Akatikisa kichwa. Akalamba kile kilichofubaa, na ulimi ukashika, niliona alivyouvuta.

"Hiki ni udongo," akaniambia kwa Kinyiramba, amefurahi kweli. "Kimepikwa tu, kama chungu. Kitakaa na ukuta wetu bila ugomvi. Hicho cheupe ni kioo, kitaukataa."

Nami nikakilamba. Nikakubali. Tungejuaje?

Aliyevibandika alikuwa fundi mwashi aliyejenga Sekenke miaka mingi, mtu mpole, mwenye mikono mizuri. Kuta za mawe alizijua barabara. Tembe hakuwahi kuishika, maana tembe hujengwa na wenyewe, haiitiwi fundi. Alitazama ukuta wa kichwani kwa baba, akasema udongo mtupu hautashika saruji. Akapigilia wavu wa waya kwenye miti, akapaka saruji, akabandika vigae mstari kwa mstari toka chini hadi darini. Halafu akasema ukuta ukivalishwa ndani na nje uvalishwe, mvua isije ikaupitia nyuma. Akapaka saruji na nje. Chini ya paa tukatandaza majamvi yaliyoshonwa pamoja, yadake udongo wa juu. Kuta nyingine za chumba tukazitundikia majamvi vilevile.

Acha nikwambie, chumba kile kilipendeza! Kilikuwa na utulivu. Mwanga wa mlangoni ulifika kwenye vigae ukatulia hapo, hakuna kinachomulika jicho. Baba aliweka kiganja ukutani, akakitazama kiganja. Hakikuwa na kitu. Akaniita nami niweke changu. Usiku wa kwanza alilala chali. Jamani, chali! Mama alikaa mlangoni anamsikiliza anavyokoroma, analia na kucheka, na asubuhi akaniambia hajawahi kusikia wimbo mtamu kama ule. Kikohozi hakikuisha, lakini kilipungua makali. Baba alianza kutoka uani, akasuka kamba, akagombana na shangazi kama zamani. Watu walikuja kuangalia "nyumba ya Mzungu". Shangazi mwenyewe alikuja, akagusa, akaguna, akasema, "Haya, angalau mke wako amepumzika kusiriba."

Na kweli. Hapo ndipo penyewe.

Kwetu nyumba husiribwa kila mwaka kabla ya mvua. Wanawake wote wa ukoo wanakusanyika, udongo unachanganywa na samadi na majivu, na kila ukuta unapitishwa mikono mitupu toka chini hadi juu. Wageni wanadhani ni urembo. Urembo upo, lakini mkono unapopita unasikiliza. Mahali palipoliwa na mchwa panasikika: panabonyea, au panatoa sauti ya kibuyu. Hapo unabomoa, unautoa mti uliooza, unatia majivu na mkojo wa ng'ombe, unaweka mti mwingine. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno. Hata shangazi, na ubingwa wake wote, ungemwuliza kwa nini tunasiriba, angekwambia ili nyumba isionekane ya mjane.

Mwaka ule tulisiriba nyumba nzima tukauacha ukuta wa baba. Mwaka uliofuata tukauacha tena. Mama aliufuta kwa kitambaa cha maji kila asubuhi, kwa mapenzi, na kitambaa kilibaki safi. Vigae vilikuwa vimenyooka vilevile kama siku ya kwanza. Nyuma yake, kati ya saruji na saruji, kwenye giza na unyevu usiotoka, mchwa walikuwa wanakula miti yetu mmoja baada ya mwingine, na hakuna mkono uliowagusa. Lo! Nikikumbuka tulivyokuwa tunausifia usafi, natamani kumpiga mtu, na sina wa kumpiga.

Mvua za masika zilikuja kubwa. Tembe ikinywa maji inakuwa nzito, kila mtu anajua, na miti ndiyo inayobeba. Ilikuwa alasiri, mvua imeanza kupungua. Mama na mimi tulikuwa jikoni, upande wa pili wa ua. Hatukusikia kishindo kikubwa. Tulisikia vigae vikipasuka, vingi kwa pamoja, halafu sauti ya kitu kizito kinachokaa chini. Mama aliinuka na mwiko mkononi, akakimbia nao.

Ukuta ulikuwa umeanguka ndani, mzima mzima, na paa la upande ule limeufuata. Udongo wa juu ulikuwa umelowa, ule wa chini ya paa ulikuwa mkavu miaka yote, na huo mkavu ndio uliojaa chumba. Mlangoni palitoka vumbi jekundu kama moshi, kwenye mvua. Majirani walikuja na majembe. Shangazi alichimba kwa mikono, hana kilemba, anamwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Tukamfikia. Boriti moja ilikuwa imekwama kwenye ubao wa kitanda ikamwachia nafasi, naye alikuwa amejikunja humo. Hakuvunjika hata kidole.

Watu walishangilia. Walipiga vigelegele kabisa! Mungu mkubwa, walisema, mtu huyu hafi. Mmoja akataka kumbeba mabegani. Mama hakupiga kigelegele. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anamwingiza baba kidole mdomoni, anakomba udongo na kuutupa, anakomba na kuutupa, na baba anamtazama tu. Aliyekuwa karibu akamwambia mama amshukuru Mungu. Mama akamwambia, "Ondoka hapa kwangu."

Tulimlaza kwa shangazi. Usiku ukapita. Asubuhi hakuwa anakohoa tena, na wajinga tukaona nafuu. Kumbe alikuwa hana pumzi ya kukohoa. Midomo iligeuka rangi. Mama alikaa nyuma yake kitandani, amemwegemeza kifuani kwake ili akae wima, maana hakutaka tena aguse ukuta wowote. Mimi nilishika bakuli la maji. Jua lilikuwa limetoka, vizuri tu, la baada ya mvua, na nje watoto wa shangazi walikuwa wanacheza.

Baba alisema neno. Hatukulisikia, mama akainamisha sikio.

"Vumbi hili la kwetu," baba akasema. Akapumzika. "Lile la kule lilikuwa la watu. Hili si baya."

Alikuwa anamfariji. Alijua mke wake ndiye aliyeuza mtamba, ndiye aliyelamba vigae, ndiye aliyevifuta kila siku, na kwamba atabaki na hilo peke yake. Pumzi chache alizobakiwa nazo, alizitumia kwa hilo. Nilielewa pale pale, nami nilikuwa mtoto wa kike tu nimeshika bakuli.

Mama alikasirika. Sijawahi kumwona na hasira kama ile, si kabla, si baadaye. Alimkumbatia kwa nguvu, machozi yanamdondokea baba kichwani, akamgombeza kama unavyomgombeza mtoto anayechezea chakula.

"Nyamaza, baba watoto. Nani kakuomba maneno? Usiseme tena. Pumua."

Baba akanyamaza. Akajaribu.