Saa za Darubini

Lori lilikuwa bado linapanda kuelekea mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika, mkuu wa wapima ardhi alipogeuka na kusema, "Mwezi ujao nastaafu. Kiti changu ni cha mwenye saa nyingi kwenye darubini. Barabara hii tunayokwenda kuipima ikikaa sawa, kijana, kiti ni chako."

Kijana huyo alikuwa mdogo wa mume wa mpimaji wa tatu, mwanamke waliyemwita Mwandiko. Ni yeye aliyemfundisha shemeji yake kuisimamisha darubini ya kupimia pembe juu ya miguu yake mitatu. Mwenyewe, mwaka wa kumi na moja sasa, alikuwa akipewa daftari. "Una mwandiko mzuri, mama," mkuu husema, na jina likamganda. Saa za daftari hazihesabiwi.

Aliionea wivu hata shingo ya shemeji, ilivyoungua kwa kusimama pale alipotaka kusimama yeye.

Mchana upimaji ukafika kona ya mwisho. Shemeji akainama, akafumba jicho moja.

"Nyuzi mia na kumi!"

Mwandiko akaitazama bendera ya alama kule mbele. Kona ile hata mia haifiki. Mtu hahitaji darubini kuliona hilo. Ulimi ukamwasha. Kisha akamsikia shemeji akipiga mluzi, tayari bosi. Akaandika mia na kumi, vizuri kabisa.

Jioni wakapiga hesabu. Kwenye ramani, barabara ikaishia mtoni.

"Tunajenga bandari?" mkuu akafoka. "Umeandika nini, mama?"

"Nilichosomewa."

"Labda jua lilikuchosha, shemeji," kijana akasema kwa upole.

"Sikuchoka. Nilijua umekosea, nikanyamaza. Nakuonea wivu, shemeji, na wivu huo mmenipikia nyinyi wawili."

Mkuu akacheka. "Haya, ya nyumbani yabaki nyumbani. Kesho tunarudia. Kijana darubini, wewe daftari."

"Kesho nishike darubini mimi. Kona ile moja tu."

"Na nani aandike? Huyu maandishi yake ni nyayo za kuku!"

Dereva alikuwa ameshawasha lori, arudi walikotoka kuleta vigingi. Mwandiko akampachika shemeji penseli nyuma ya sikio.

"Basi anza na herufi kubwa," akamwambia, akapanda mbele.

"Mama!" mkuu akaita, ameshika daftari. "Na hesabu atapiga nani?"

Lori likakata kona.