Kenge wa Baba Alipoota Miguu

Sisi tuliokulia Naipingo kabla ya lami tulilijua gari kwa sauti kabla ya kuliona. Tukiwa uwanjani tunacheza rede, mpira wa matambara mkononi, mmoja angeinua kidole na wote tukanyamaza. Lori la korosho lilikuwa na mngurumo mzito uliotoka tumboni. Gari la misheni lilipiga mluzi kila lilipobadilishwa gia. Aliyelitaja sawasawa kabla halijatokeza kwenye kona ya msikiti ndiye aliyeruhusiwa kuwa wa kwanza kulikimbiza, na zawadi yake ilikuwa kula vumbi kuliko wenzake. Leo mwanangu anapitwa na magari barabara nzima huku ameinamia simu. Ukimwuliza lililopita sasa hivi lilikuwa jekundu au jeupe, anakujibu, "Lipi?"

Basi mimi niliyekulia hivyo sioni aibu kusema kwamba gari langu nalijua. Ni gari la familia, safu tatu za viti, nimelinunua Dar na kuliendesha mwenyewe mpaka Nachingwea, na halikukaa hata mwezi kabla sijalipeleka gereji. Kijana wa pale, Hamza, alichomeka kikompyuta chake, akasoma, kisha akanipa ushauri ambao sikuuomba.

"Mama, tulishushe kidogo. Tuweke rimu pana, na taa za bluu huku chini. Litakaa kibabe."

Nikamwambia alipandishe, aongeze nguvu kwenye springi za nyuma, na taa aziache zilivyo. Alinitazama kama mtu aliyemwona mgeni anakataa pilau. Hakujua kwamba kazi ya kupandisha gari la familia niliishiriki nikiwa darasa la nne, tena niliifanya kwa makalio yangu mwenyewe.

Baba yangu, Mzee Hashimu, alikuwa mkulima wa korosho na ufuta kama wanaume wengi wa kwetu. Msimu mmoja mikorosho ilizaa mpaka matawi yakainama, naye akatangaza kwamba atanunua gari. Kijiji kizima kilijua litakuwa pikapu. Wenye uwezo wote walinunua pikapu: mbele dereva na rafiki yake, nyuma magunia, na juu ya magunia mke na watoto wameshikilia kamba. Baba akapanda basi kwenda Dar, akarudi na stesheni wagon ya rangi ya maziwa, yenye viti vya kitambaa na kijitaa cha ndani kilichowaka kila mlango ulipofunguliwa. Kwa miaka ile hatukuwahi kuona kitu cha kisasa kuliko hicho. Sisi watoto tulifungua na kufunga mlango ili kuiona ile taa mpaka Mama akatutimua na mwiko.

Watu walimwuliza Baba atabebea wapi korosho. Jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Nimechoka kumwona mke wangu juu ya magunia."

Aliyelidharau gari lile kuliko wote alikuwa Mjomba Bakari, kaka yake Mama. Kwetu Wamwera mjomba si mgeni wa sikukuu tu. Neno lake juu ya watoto wa dada yake lilikuwa na uzito hata mbele ya baba yao. Alilizunguka gari pole pole, mikono nyuma, akachutama, akapima kwa kiganja nafasi iliyokuwa kati ya tumbo la gari na ardhi. Haikuzidi shubiri.

"Shemeji," alisema, "umenunua kenge."

Jina likashika siku ileile. Watoto wa jirani walilikimbiza wakiimba, "Kenge huyo! Kenge huyo!" Baba hakujali. Wakati wa kiangazi Kenge alitupeleka gulioni Nachingwea, sikukuu na siku za kawaida. Sheria ilikuwa kuosha miguu kabla ya kuingia, kwa hiyo beseni la maji lilikaa kando ya gari kama kando ya mlango wa msikiti. Mama alikaa mbele na kanga mpya, kiwiko dirishani. Sisi nyuma tulibanana na sufuria ya ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha, na mpaka leo nikisikia harufu ya ming'oko ya moto nasikia pia harufu ya viti vile vya kitambaa. Hakuna aliyesinzia. Nani angelala wakati anaonekana ndani ya gari?

Mwaka uliofuata dada yangu Somoe alimaliza la saba, akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni Ruangwa. Kwa wasichana wa kijiji chetu alikuwa peke yake. Mama alilia kwa furaha, akachinjisha kuku. Mjomba Bakari alikula kuku yule, akanawa, kisha akasema alichokuwa amekuja kusema. Kulikuwa na watu wa Kiegei, familia nzuri, kijana wao ana shamba lake. Walikuwa wameleta ujumbe kwake kuhusu Somoe, naye alikuwa ameshawapa matumaini.

"Amesoma vya kutosha," alisema. "Barua ya mumewe ataisoma, na majibu ataandika."

Baba alikuwa mtu wa kuogopa kugombana na ukweni. Lakini safari hii alisema, "Shule imemwita, ataenda. Nitampeleka kwa gari langu."

"Kwa kenge?" Mjomba alicheka. "Mvua hizi?"

Na kweli mvua za mwaka ule zilikuja na hasira. Basi lilisimamisha safari. Malori yaliyojaribu kupita yalichimba barabara, yakaacha mifereji miwili mirefu na tuta la udongo katikati. Shule ilikuwa imetoa muda wa kuripoti, na kila siku Somoe alilifuta sanduku lake la bati ambalo halikuwa na vumbi. Asubuhi moja mvua ikapumzika, Baba akasema tuondoke.

Hatukufika hata Nachingwea. Kenge alipanda lile tuta la katikati, tumbo likalala juu yake, na magurudumu yakabaki yanazunguka kwenye tope bila kushika kitu. Watu walitoka mashambani wakatusukuma. Tulipochomoka, ekzosi ilibaki kwenye udongo. Baba akaiokota, akaiweka nyuma karibu na miguu yetu, tukageuza. Tulirudi nyumbani tukinguruma kama mashine ya kusaga, na kila nyumba ilitoka nje kutazama. Baba alishika usukani akitazama mbele tu. Somoe hakulia. Alikaa wima, mikono juu ya sanduku, na mimi niliyekuwa pembeni yake nilitamani alie.

Kesho yake Mjomba alikuwa kibarazani kwetu mapema. "Mmeona wenyewe," alisema. "Mungu ameshajibu. Mtoto akae."

Mama ndiye aliyetoka jikoni, kikombe cha chai mkononi, akampa kaka yake kwa mikono miwili kama desturi, kisha akabaki amesimama mbele yake.

"Kaka, aliyekwama jana ni gari," alisema. "Mtoto hajakwama. Asije akakwamishwa na wewe."

Sijawahi kumsikia Mama akizungumza vile na Mjomba, si kabla ya siku ile wala baada yake. Mjomba alikunywa chai yote. Halafu akainuka, akaenda ilipoegeshwa stesheni wagon, akalala chini kwenye tope na shati lake safi. Alipokuwa kijana alikuwa dereva wa matrekta, jambo ambalo sisi watoto tulikuwa tumelisikia bila kulitilia maanani. Alikaa chini ya gari mpaka tukadhani amelala usingizi. Sauti yake ikatoka huko uvunguni.

"Shemeji. Gari hili halina ubaya. Limezaliwa fupi tu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ambayo hakuna gereji itakayonifundisha leo. Mjomba alijua lilipolala trela moja chakavu, limeachwa porini tangu enzi za mashamba makubwa ya karanga. Yeye na Baba wakaenda kwa baiskeli, wakarudi na vyuma bapa vya springi vimefungwa kwenye keria. Nyuma wakavipachika juu ya springi za Kenge. Mbele, ambako springi zilikuwa za chuma kilichoviringishwa, wakabana vipande vya mpira walivyokata kwenye tairi la lori. Ekzosi wakaichomelea kwa fundi wa baiskeli mwenye mashine, wakaipitisha juu zaidi. Wanaume wawili ambao kwa miezi hawakuweza kumaliza chakula bila kurushiana maneno, sasa walilala bega kwa bega uvunguni wakiombana spana.

Alipoteremshwa kwenye jeki, Kenge alisimama juu kama mbuzi kwenye kichuguu. Tulipiga vigelegele. Baba akaliendesha gari mara moja kuzunguka nyumba, akarudi ameshika kiuno. Lilikuwa gumu kama toroli, na sehemu yote ya nyuma ilikuwa juu, pua chini.

"Halina mzigo," Mjomba alisema. "Watoto! Ingieni."

Tukaingia. Sisi, watoto wa jirani, na waliokuwa wanapita njiani na madumu ya maji. Sisi ndio tuliokuwa mawe ya mizani. Tukazungushwa, tairi ikakwaruza madigadi, tukateremshwa, chuma kimoja kikaongezwa. Tukaingizwa tena. Usukani ukavuta kushoto, tukateremshwa, wakakaza huku, wakalegeza kule. "Wewe mnene, hamia upande huu!" Mama akaleta gunia la mahindi liwe badala ya sanduku la Somoe. Mimi nilitapika mara moja, nikanawa uso, nikapanga foleni upya. Walilijaribu mpaka jua likaelemea magharibi, na mwisho Mjomba akaweka kikombe cha chai juu ya dashibodi, Baba akazunguka nyumba, chai ikatikisika isimwagike. Wakashikana mikono. Mama akaichukua ile chai akainywa yeye.

Safari ya pili tuliondoka na Mjomba ndani. Tuta lililotukwamisha tulilipita juu juu, nasi nyuma tukalishangilia kama goli. Tulipita Nachingwea, tukapita malori yaliyolala ubavu, mpaka tukafika kwenye korongo kabla ya Ruangwa ambako maji yalikuwa yamefunika njia. Baba akasimama. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa haraka, na hakuna aliyejua chini yake kuna nini.

Mjomba alifungua mlango. Alivua viatu, akapandisha suruali, akavunja fimbo, akaingia. Alitangulia mbele ya gari akipima kwa fimbo, hatua kwa hatua, maji yakimfika magotini, kisha yakapita magoti, mkono mmoja umeinuliwa kumwongoza Baba: huku, huku, taratibu. Yule aliyesema mtoto akae ndiye aliyekuwa anamtafutia njia. Somoe alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipolia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Tulifika shuleni tumepakwa tope mpaka kwenye vioo. Mwalimu wa zamu alilitazama gari, akatutazama sisi, akauliza, "Mmetoka Naipingo na hili?" Baba akajibu "Ndiyo" kwa sauti ambayo nadhani hakuwa amewahi kuitumia maishani. Mjomba ndiye aliyebeba lile sanduku kichwani mpaka mlango wa bweni. Alipolitua alimwambia Somoe, "Soma. Nimekwenda mwenyewe Kiegei kuvunja ahadi, na wale watu hawanisalimii tena."

Somoe akasoma. Leo ana duka la dawa Ruangwa na watoto wakubwa, na si mtu wa kupindishwa maneno na yeyote. Baba na Mjomba wamelala kwenye makaburi ya Naipingo, hakuna aliyezikwa mbali na mwenzake. Sisi tuliobaki tuna magari yanayotuonya kwa taa kabla hayajaharibika na kutuambia kwa sauti ya mwanamke tukate kulia. Sijutii. Nayapenda. Ila nasema hivi: siku hizi gari linakwenda Ruangwa na watu wamekaa ndani yake tu. Zamani sote tulikuwa tunalipeleka.

Idi iliyopita nilimchukua Mama twende kwa Somoe. Wanangu walikaa nyuma, kila mmoja na vitu vyake masikioni. Lami imemeza sehemu kubwa ya njia, springi za Hamza zimekaa vizuri, na Mama alitazama mikorosho inavyopita bila kushika popote. Tulipoingia Ruangwa nikapunguza mwendo.

"Tumefika?" aliuliza.

"Tumefika, Mama."

Nyumba ya Somoe ilikuwa inaonekana, na Somoe mwenyewe amesimama getini na kanga yake ya sikukuu. "Mbona mapema hivi," Mama alisema. "Sijashiba gari bado. Twende mbele kidogo."

Nikakanyaga mafuta. Tulimpita Somoe amenyoosha mkono, nikashika njia ya Mbwemkuru, na simu ikaita papo hapo.

"Zuhura! Mbona mmenipita?"

"Pakua taratibu," nikamwambia. "Mama anatembea."

Mama aliteremsha kioo, akatoa kiwiko nje.