Kikuba Nilichomvisha Zuhura Msituni

Jamani, mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, maana aibu niliyoipata siku ile, mpaka leo nikiingia duka la mboga hapa Sparkhill nainamisha uso kama mtu aliyekutana na mkwe.

Kosa langu lilikuwa wivu. Mke wangu Zuhura alijiunga na kikundi cha watu wetu wanaokwenda kutembea msituni kila Jumamosi, huko mbele ya Longbridge, na akirudi nyumbani hadithi ni moja tu: Athumani kasema hivi, Athumani katuonesha vile. Huyu Athumani ni Mkenya wa Mombasa, mrefu, ana mabuti ya kupandia milima (Birmingham mlima uko wapi?) na kila ua analijua jina. Mimi niliishia kidato cha pili, ua ninalolijua ni asmini na yale ya kwenye kanga.

Basi Jumamosi moja ya Aprili nikasema na mimi naenda. Msitu mzima chini maua ya buluu tupu, kama pametandikwa busati, na Zuhura yuko mbele na Athumani, "Ala! Kweli?" kila hatua, mimi nyuma na viatu vyangu vya Ijumaa nakanyaga matope napiga chafya (baridi ikiisha pua yangu huziba, sinusi hata udi), nikawa nazihesabu hizo "kweli", ilipofika ya kumi na saba nikasema hapana, leo atajua huyu mke ana mwenyewe.

Nikajitenga kama naenda haja. Chini ya miti nikaona viua vyeupe, vidogo, vimejaa tele, nikajiambia hii si asmini ya Kizungu hii! Nikachuma nikajaza kofia, nikachomoa uzi kwenye sweta, nikafunga kikuba kama cha bibi harusi kwetu Unguja, maana mume akimvisha mkewe kikuba mbele za watu, maneno yamekwisha.

Nikawakuta wamekaa wanamimina chai. Nikamchomeka Zuhura kikuba kwenye mtandio, karibu kabisa na shavu.

"Mke wangu, wengine wanajua majina, mimi naleta ua lenyewe."

Bi Mwanaidi, mkubwa wetu, akanusa huku, akanusa kule. "Nani kafungua pilau na hatujanawa?"

Wote wakafuata pua zao mpaka kwa mke wangu. Machozi yanamtoka, na mimi (pua zege) nikadhani ni mapenzi. "Usilie, mama."

"Silii, inanichoma!"

Athumani hakucheka, na hicho ndicho kilichoniua. "Ndugu yangu," akasema kwa upole, "hicho ni kitunguu thomu cha mwituni. Si neno, chaliwa, na kwa samaki ni kitamu sana."

Kwenye basi madirisha yote yakafunguliwa, lakini Zuhura akakataa kukivua. "Nimevishwa na mume wangu," anasema huku kaziba pua, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikajiona mshindi. Tumefika nyumbani kakikatakata chote, kakitia kwenye samaki wa nazi, na ule utamu sijui niusemeje, nikiwa bado nalamba vidole akanijazia bakuli.

"Mpelekee Athumani. Yeye ndiye aliyesema."

Aliyekwenda kumgongea mlango ni mimi. Akaonja palepale, akafumba macho. "Mashallah, mkeo ana mkono!"

Wallahi sirudii. Ua halimfiki tena mke wangu mpaka Bi Mwanaidi alinuse kwanza, na huyo Athumani, jamani, mwenye dada ambaye hajaolewa aniambie, posa napeleka mimi mwenyewe.