Usukani Mwekundu wa Shemeji

Mume wa mdogo wangu alikuwa na gari zima, na jambo hilo lilimuudhi.

Lilikuwa gari dogo la Kijapani, limetumika kama magari yetu yote, lakini liliwaka kila asubuhi, lilipanda vilima vya Mbozi bila kuchemsha, na breki zake zilishika. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Ngozi ya usukani ilikuwa imebanduka juu, pale mwenye gari wa kwanza alipozoea kushika. Mtu mwingine angeuvisha kava akaendelea na maisha. Shemeji yangu alikuwa wakala wa kutoa mizigo mpakani Tunduma, mtu wa miwani myeusi na simu mbili, na aliona ule ni usukani wa kizee.

"Shemeji," aliniambia siku moja nyumbani kwao Vwawa, mikono yake ikikata kona hewani, "mwanamume anajulikana kwa usukani wake."

Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa nadhani anajulikana kwa sura. Mdogo wangu akacheka, halafu akanikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Siku zile alicheka kwa kila alichosema mumewe, na aliposema upuuzi alicheka zaidi, ili wageni wafikiri ni utani.

Jumamosi iliyofuata tulishuka Tunduma sote watatu. Mimi nauza vitenge, nilikuwa nafuata mzigo wangu Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Niliporudi niliwakuta kwenye duka la vipuri. Mwenye duka, Mzambia mwenye maneno matamu, akanipokea kwa salamu ya kwao, "Mwapoleni mukwai," akaendelea kumsifia shemeji usukani uliokuwa tayari mikononi mwake. Ulikuwa mdogo kama mfuniko wa sufuria, wa ngozi nyekundu, umeshonwa kwa uzi mweusi, na katikati una kitufe cha honi kinachong'aa. Shemeji aliushika kama watu wanavyoshika mtoto mchanga wakati wa kupiga picha.

Fundi wa gereji ya jirani aliutazama, akamwambia ukweli bila kuzunguka.

"Bosi, huu hauna eabegi. Wako wa zamani unao mfuko wa hewa hapa katikati. Ukigonga, unajaa kufumba na kufumbua, unapokea kifua na uso. Nikiufunga huu mwekundu, mfuko unaondoka, na taa ya onyo itawaka."

"Taa ipi?"

Fundi akamwonesha kwenye dashibodi kamchoro ka mtu aliyeketi, mbele ya tumbo lake kuna duara kubwa.

"Huyo aliyepakata tikiti? Mzime."

Nikauliza je, mfuko wa upande wa mdogo wangu utabaki. Fundi akasema utabaki pale ulipo, lakini kwenye magari mengi, kompyuta ikiona hitilafu sehemu moja, inaweza kuzima mfumo mzima. "Siwezi kukuahidi kwamba utafunguka, mama."

Shemeji akanigeukia kwa ile subira ambayo wanaume huitumia kuelezea mambo wasiyoyajua. "Shemeji, eabegi ni za wale wanaokimbia kama ndege. Sisi hapa ni foleni ya malori kuanzia asubuhi mpaka jioni. Utagonga nini?"

Fundi akachomoa waya za betri, akasubiri kidogo, kisha akafungua. Alipoutoa ule mfuko, ukiwa bado ndani ya kifuniko chake, aliubeba mbali na mwili, uso wake umeelekea upande mwingine, akauweka taratibu mezani.

"Unaogopa mpira?" shemeji akamcheka.

"Ukifumuka mikononi mwangu, bosi, sina mikono tena."

Nilimtazama shemeji nione kama imemwingia kwamba kitu chenye nguvu namna ile ndicho anachokiondoa mbele ya kifua chake. Haikumwingia. Alikuwa anaupiga picha usukani. Mfuko shemeji akauacha palepale gereji, na taa ya onyo ikang'olewa ili isimharibie mandhari. Mdogo wangu alisimama pembeni akitabasamu, akisema mume wake bwana akiamua ameamua.

Basi tukaishi na usukani. Jumapili alikuwa anaegesha mbele kabisa ya kanisa, vioo vimeshushwa, ili wanakwaya wapite wauone. Vijana wa mjini walimwambia "Kaka, hapo umetisha," naye akawa hawezi tena kushika usukani kwa mikono miwili, mmoja sharti uning'inie dirishani. Alipokwenda Chitete kikazi, barabara ile ya mashimo ilimtingisha mpaka akarudi viwiko vinauma, kwa sababu usukani mdogo ni mzito kukata. Aliilaumu barabara.

Ajali yenyewe haikuwa na ushujaa wowote wa kusimulia. Tulikuwa tunatoka msibani, mchana, manyunyu yanaanguka. Mimi nilikaa nyuma, mdogo wangu mbele karibu na mumewe, wote tumefunga mikanda. Karibu na Nanyala malori yalikuwa yamesimama, yamepanga foleni ya kuelekea mpakani. Shemeji alikuwa anaongea na simu ya kwanza huku anatafuta kitu kwenye simu ya pili. Mdogo wangu akapiga kelele, breki zikateleza kwenye lami yenye maji, tukaingia mgongoni mwa lori.

Nakumbuka harufu ya maji ya rejeta. Shemeji alikuwa ameukumbatia usukani wake, kile kitufe kinachong'aa kimemkaa kifuani, anavuta pumzi kwa mlio. Mdogo wangu alikuwa ameinamia dashibodi na damu inamtoka mdomoni. Mbele yake pale ambapo mfuko wa hewa ulitakiwa utokeze, kifuniko kilikuwa kimefungwa vilevile, kisafi, hakina hata ufa.

Shemeji alivunjika mbavu. Mdogo wangu alivunjika taya na mfupa wa bega, na meno ya mbele yakabaki Nanyala.

Watu wa kanisani walikuja hospitali kutuona. Shemeji, akiwa ameegemezwa mito, akawapokea kwa hotuba.

"Haya magari ni uongo mtupu," aliwaambia. "Eabegi hazikufunguka. Hata moja! Wanatuuzia makopo."

Wageni wakatikisa vichwa, wakasikitika, mzee mmoja wa kanisa akasema watengenezaji wa siku hizi hawamwogopi Mungu. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini kuna aliyeniwahi. Mdogo wangu, taya limefungwa waya, alisema kwa kupitia kwenye meno yaliyobaki, polepole, kila neno likasikika.

"Yako uliiacha gereji. Yangu uliizima. Na taa uling'oa."

Wageni wakasali kwa kifupi wakaondoka.

Gari lilipotoka kutengenezwa, shemeji alitufuata uani kwa tabasamu. Alikuwa amefunga usukani unaofanana kabisa na ule wa kwanza, wenye kifuniko kinene katikati. "Nimerudisha kila kitu, mke wangu."

Mdogo wangu alikuwa ameshazungumza na yule fundi wa Tunduma kwa simu. Akaketi kwenye kiti cha dereva, akasema, "Washa hiyo taa niione. Ukifungua switchi inatakiwa iwake kidogo, halafu izime yenyewe."

Switchi ikafunguliwa. Taa zote zikawaka isipokuwa hiyo. Mdogo wangu akabonyeza kifuniko cha usukani kwa kidole gumba, kikabonyea kama kopo tupu la siagi. Ndani hamkuwa na kitu.

"Basi muuzaji kanidanganya," akasema shemeji.

Huenda ni kweli. Lakini taa hakuing'oa muuzaji.

Tangu siku hiyo mdogo wangu hakupanda tena lile gari. Jumapili shemeji alifika kanisani peke yake na kuegesha nyuma, na mke wake akashuka kwenye bajaji. Ilimkera sana. "Mbona bajaji nayo haina eabegi?" alilalamika mbele yangu.

"Bajaji haijaniongopea," mdogo wangu akamjibu, akaendelea kuchambua mchele.

Mwishowe shemeji akaamua kuliuza gari. Mnunuzi akatoka Ileje, kijana nadhifu. Shemeji akamwimbia sifa za injini. Mdogo wangu akatoka ndani, akamweleza kijana mambo yote pale pale mbele ya mumewe: mfuko hamna, taa imeng'olewa, tuligonga Nanyala, na akafunua midomo aone pengo. Kijana alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Akasema pole sana, mama.

Halafu akainama dirishani, akauliza kama redio inapiga besi vizuri.

Uso wa shemeji ukachangamka kama wa mtu aliyekutana ugenini na mtu wa kabila lake. Wakaingia wote wawili garini kuijaribu. Mdogo wangu alisimama kidogo, ameshika shavu, kisha akarudi jikoni kujikorogea uji, maana vyakula vigumu bado hawezi kuvitafuna.