Siku Nyumba Yetu Ilipofagiwa

Sisi tuliokulia mtaa wa Kibokoni kabla ya sakafu kutiwa vigae, asubuhi tuliijua kwa masikio. Hujafumbua macho bado, tayari wasikia fagio za chelewa zikipita barazani, nyumba baada ya nyumba, sauti laini ya kuvuta na kuachia, kama mtu anayebembeleza mtoto. Wanawake walifagia mlango, wakafagia ngazi, wakafagia na kipande cha jirani bila kuombwa. Mama akitoka, pindo la buibui lake nalo lilifagia ngazi za mbao. Nilimtambua kwa mchakacho huo hata nikiwa chini ya kitanda natafuta kokoto zangu za mdako. Nasi watoto tulifagia kwa matako. Tulikalia kuti, mwenzetu akatuburura kichochoroni mpaka nguo zikatoboka. Tukirudi nyumbani twapigwa, kisha twapewa mahamri kwa mbaazi, na mambo yamekwisha.

Lakini ufagio huo huo tuliuogopa. Nyanya, mamake baba, alikuwa na miko yake. Usiku hakufagiwi, wafukuza riziki. Ufagio ukikugusa mguu, uteme mate. Na mwiko mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: mtu akitoka nyumbani kwa safari au kwa ugonjwa, nyumba haifagiwi mpaka ije habari yake. "Unyayo wa msafiri haufagiwi," Nyanya alikuwa akisema. "Ukiufagia, atarudi kwa njia gani?" Vijana wa leo ukiwaambia haya hucheka sana, kisha wanarudi kuogopa chaji isiwaishie.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa mja mzito, na miezi ilikuwa haijatimia. Jumapili moja asubuhi alikuwa jikoni akichuja tui, nikaona bakuli linamtoka mikononi na tui linamwagika hadi mlangoni. Hakupiga kelele. Alishika ukuta tu, akamwita baba kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Baba na Nyanya wakamteremsha ngazi polepole, mimi nyuma nimebeba viatu vyake. Tuktuk haiingii kichochoroni petu, ikabidi atembee hadi barabarani, na kila hatua chache alisimama. Alipokwisha kukaa ndani ya tuktuk, baba alinipokonya viatu, akapanda, wakaenda. Simu nyumbani kwetu ilikuwa moja, naye alikwenda nayo.

Tuliporudi mimi na Nyanya, tulikuta nyumba inang'aa.

Mama Mutua alikuwa amesimama katikati ya sebule, kanga kaifunga kiunoni juu ya nguo yake ya kanisani, ufagio mkononi. Alikuwa mpangaji wa chumba cha chini, Mkamba kutoka Kitui, mumewe akifanya kazi bandarini. Hakuwa ametimiza mwaka pale. Alikuwa ameinua mikeka, amefagia vyumba vyote, tui amelipangusa, na taka ameshazipeleka kwenye pipa la nje. Alitutazama akitabasamu, jasho likimtiririka.

"Nimeona Mama Aisha akirudi na mtoto apate mahali safi," alisema.

Aisha ni mimi. Nilimtazama Nyanya. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango, hajaingia bado. Lakini Nyanya alikuwa mtu wa heshima. Alimwambia ahsante mwanangu, umefanya kazi, Mungu akulipe. Mama Mutua akashuka kwake kutupikia chai, na Nyanya akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hapo hapo alipofika. Tasbihi aliitoa, lakini haikusogea.

Mimi nilitazama sakafu. Pale mama alipopita hapakuwa na hata chembe ya mchanga. Nilijaribu kukumbuka uso wake ndani ya tuktuk, na nilichokumbuka ni viatu tu.

Bi Rukia, jirani wa mlango wa pili, alikuja kutupa pole. Aliingia na maneno yake ya pole mdomoni, akaiona sakafu, yakamkwama.

"Nani aliyefagia hapa?"

Bi Rukia akajua mwenyewe. Akaanza kusema watu wa bara hawana miko, mtu hupangisha chumba hajui ampangishaye ni nani. Nyanya akamkata. "Rukia, aliyeshika ufagio amekutangulia kufika. Wewe umekuja na nini?"

Mama Mutua alikuwa mlangoni na birika la chai. Hatukujua amesikia kiasi gani. Aliuliza, "Mama, nimekosa wapi?" Nyanya akatikisa kichwa kwamba hapana, hujakosa. Bi Rukia akatazama dirishani. Basi nikasema mimi, ambaye kwa kawaida hata salamu nilikuwa naitikia chinichini.

"Umefagia unyayo wa mama. Sasa hatarudi."

Mama Mutua aliweka birika chini. Tulisikia miguu yake ikishuka ngazi kwa kasi. Nyanya aliniambia nikamwangalie asije akawa analia. Sikufika mbali. Nilimkuta anapanda, amekumbatia karai lililojaa taka hadi juu, nguo yake ya kanisani yote imechafuka.

Aliingia, akalimwaga karai katikati ya sebule. Maganda ya vitunguu, mchanga, nywele, karatasi za mabuyu, mifupa. Kisha akaanza kuzisambaza kwa viganja, polepole, mpaka kwenye mlango.

"Sikujua zipi ni zenu," alisema akihema. "Pipa ni la wote. Nimezileta zote."

Bi Rukia aliinama, akaokota kitu. "Magamba haya ni yangu. Pono wangu wa jana."

Nyanya alicheka. Alicheka mpaka ushungi ukamteleza, na katikati ya kicheko nikaona machozi yanamshuka. Akamvuta Mama Mutua mkono, akamketisha kando yake. Bi Rukia naye akaketi bila kuambiwa, akaimimina chai. Hakuna aliyesema kwamba sasa mambo ni sawa. Tulikaa mkekani katikati ya uvundo wa samaki, sisimizi wakaanza kufika, na kila mlango wa chini ulipolia wote tuliacha kunywa. Mara ni muuza achari. Mara ni watoto wanatoka chuo cha Kurani. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, Nyanya akaenda kusali chumbani, Mama Mutua akainamisha kichwa akaomba kwa Kikamba, na Bi Rukia akaitikia amina.

Baba alikuja peke yake. Nilipomwona hana mtu nyuma yake nilifumba macho.

"Wazima," alisema. "Wote wawili. Mtoto ni wa kiume, mdogo kama paka, wamemweka kwenye joto." Halafu akatazama chini. "Mbona nyumba imekuwa jaa?"

Ndugu yangu huyo sasa ni mrefu kunipita, na sakafu yetu ina vigae vinavyopigwa deki kila saa bila kumngojea mtu. Mama Mutua na mumewe walihamia mtaa wa Ganjoni, kisha wakarudi kwao. Mwaka huu mama alipelekwa tena hospitali, kwa upasuaji. Habari niliiweka kwenye kundi la jamaa na majirani. Simu ikajaa dua na picha za viganja vilivyoinuliwa, moja baada ya nyingine, na niliwashukuru wote. Hakuna aliyepanda ngazi. Mama alirudi salama, alhamdulillahi, lakini mchana ule nilingoja habari peke yangu kwenye kochi, simu ikinimulika usoni. Utotoni niliogopa zaidi ya hivyo. Ila siku ile nilikuwa nimekaa mkeka mmoja na wanawake watatu, na magoti yao yaligusana na yangu.