Fundi wa Rezo na Orodha Yetu

Habari ilitufikia Jumapili kutoka Lubudi: fundi wa rezo, yaani mtandao wa simu, wa mtaa wetu wa zamani amekufa, katika chumba cha kuazima kwa shemeji yake. Ninyi wasomaji mliofukuzwa pamoja nasi mnamjua. Ndiye aliyetunza mnara wa simu nyuma ya soko, mpaka mtaa ukavunjwa kwa sababu shaba ilikuwa chini ya vitanda vyetu. Watu wanasema ameuawa na kifua. Mimi sisemi hivyo.

Kampuni iliyochukua ardhi ilitaka kila mwenye nyumba apige simu aandikwe. Asiyeandikwa hapati kiwanja kipya. Lakini kilima cha udongo wa mgodi kilikuwa kimekwisha kupanda ng'ambo ya mtaa, na sauti zetu zilifika vipande vipande. Karani wa kampuni alisubiri kidogo, akakata simu. Sisi tulizidi kupaza sauti kwenye simu, na fundi akatucheka. Kisha akatueleza kwamba sauti inafika mnarani mara mbili, moja imenyooka, nyingine imegonga kilima na kuchelewa, ikaifunika ya kwanza. Kipokezi cha mnara kina dawa yake, alisema. Katikati ya maneno simu hutia alama ambayo mnara unaijua tayari. Mnara huangalia alama hiyo imeharibika vipi, ukajua njia imefanya nini, ukayatengeneza na maneno. Ila mwangwi ukichelewa mno, dawa inashindwa. Basi akatupanga nyuma ya ukuta wa kanisa, uliotukinga na kile kilima, na simu zetu zikapita.

Mjane jirani yake hakuwa na simu. "Kamata yangu, mama," fundi alimwambia. "Weye uko na batoto. Mi nitaita nyuma yako."

Mama akapiga, akaandikwa. Fundi alipopiga, karani akamwambia namba hiyo ina nyumba tayari, na namba moja ni nyumba moja. Alipoazima simu nyingine, jina lake likaandikwa kuwa la mdanganyifu anayetafuta nyumba ya pili. Alikwenda ofisini kwa miguu. Wakamtaka alete majirani watatu wa kumshuhudia.

Alipita mlango kwa mlango. "Museme tu munanijua," alituomba. "Sitaki kingine."

Tulimwitikia sote. Halafu maneno yakazunguka mtaani kwamba anayekwenda kushuhudia atafanya orodha ifunguliwe upya, na wengi wetu tulikuwa tumeandikisha vyumba ambavyo havikuwapo. Mjane alituma ujumbe kwamba mtoto anaumwa. Mimi, niliyeiona simu ikitoka mkononi mwake kwenda mkononi mwa mama, nilikuwa nafua shati langu alipopita mara ya pili. Sikuinua kichwa. Wiki ile buldoza ilivunja nyumba yake, naye akaondoka na godoro na sanduku la vyombo vya kazi.

Tumezoea kuilaani kampuni, na inastahili. Lakini kampuni haikumjua yule mtu. Sisi tulimjua. Hata kipokezi cha mnara, ambacho ni chuma, hutafuta kwanza ile alama kinayoijua ndani ya sauti iliyovunjika, kikaanzia hapo. Sisi tuliombwa kazi hiyohiyo, siku moja, mbele ya karani mmoja. Jumapili hii kila mtu katika viwanja vipya alikuwa akisema anamjua sana fundi, na rezo ilikuwa nzuri. Kumjua mtu ni kusema hivyo siku unapoulizwa. Baada ya hapo ni kelele tu.